Merikebu Iliyosingiziwa



Leo tumekusudia kusafiri mbali na pwani yetu, hadi katika Bahari ya Atlantiki, tukafuate habari za merikebu moja ya mbao ambayo jina lake limeenea duniani kuliko majina ya merikebu nyingi zilizokuwa kubwa na bora zaidi. Merikebu hiyo ni Mary Celeste.

Wengi katika nyinyi huenda mmekwisha kusikia kisa chake: chombo kilichokutwa kikielea katikati ya bahari bila ya binadamu hata mmoja, chakula kimeandaliwa mezani na chai ingali moto vikombeni. Kisa hicho kina ukweli ndani yake na kina uongo. Merikebu ilikutwa tupu, hilo ni kweli. Ama chai ya moto haikuwapo, wala meza iliyoandaliwa haikuwapo. Waliongeza watu. Na maongezo hayo ndiyo yaliyotutia hamu ya kuandika.

Sisi watu wa pwani tuna methali isemayo, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ina mahali pake. Lakini wapo kati yetu walioigeuza kuwa hati ya kuhalalisha kila uvumi: likivuma neno juu ya mke wa fulani au mtoto wa fulani, husema, lisemwalo lipo. Basi na tuifuate merikebu hii tangu kujengwa kwake hadi kuvunjika kwake, tuone ni mangapi yaliyosemwa yasiwepo, wala yasije.

Merikebu hiyo ilijengwa katika kijiji cha Spencer's Island, jimbo la Nova Scotia nchini Kanada, na fundi wake aliitwa Joshua Dewis. Mkuku wake uliwekwa mwishoni mwa mwaka 1860, na tarehe 18 Mei 1861 ikashushwa majini. Ilipewa jina la Amazon. Urefu wake ulikuwa futi 99, upana wake futi 25 na ushei, na uzito wake wa kusajiliwa ulikuwa tani 198. Ilikuwa na milingoti miwili: wa mbele ulibeba matanga ya mraba yaliyofungwa kwenye foromali, na wa nyuma ulibeba tanga lililofuata urefu wa chombo. Wenye chombo walikuwa watu tisa walioshirikiana kwa hisa, jambo ambalo si geni kwa watu wa vyombo popote pale.

Safari yake ya kwanza ilikuwa ya kuchukua mbao kupeleka London. Nahodha wake wa kwanza, Robert McLellan, alishikwa na maradhi wakati shehena inapakiwa. Chombo kikarudishwa kijijini, na mwezi huo huo wa Juni 1861 nahodha akafariki. Aliyemfuatia alikigonga chombo kwenye mitego ya wavuvi karibu na Eastport, Maine, kisha katika mlango wa bahari baina ya Uingereza na Ufaransa akagongana na merikebu nyingine, nayo ikazama. Baada ya hapo Amazon ilifanya kazi kwa miaka kadhaa kama zilivyofanya merikebu nyingine za daraja yake, ikienda West Indies na Ulaya, ikipakia na kupakua. Mwezi wa Oktoba 1867 dhoruba iliisukuma ikapwelewa katika kisiwa cha Cape Breton. Iliumia hata wenyewe wakakata tamaa, wakaiacha kama gofu.

Gofu hilo likapita mikononi mwa watu hadi likamfikia Mmarekani mmoja, Richard Haines, aliyelinunua kwa dola 1,750 na kulitengeneza kwa dola 8,825. Mwezi wa Desemba 1868 likasajiliwa New York kwa jina jipya la Mary Celeste. Haukupita mwaka Haines akashindwa na madeni, wadai wakaikamata merikebu na kuiuza kwa kundi la wafanyabiashara wa New York lililoongozwa na James Winchester. Hao ndio walioifanyia matengenezo makubwa mapema mwaka 1872, kwa gharama ya dola zipatazo 10,000. Wakaiongeza urefu na kina, wakaitia sitaha ya pili, na uzito wake wa kusajiliwa ukapanda hadi tani 282.

Waandishi wa baadaye wamezihesabu ajali hizo moja moja, wakasema, angalieni, chombo hiki kilikuwa na kisirani tangu siku kilipoguswa na maji. Sisi hatulioni hilo. Maradhi humpata nahodha kama yampatavyo mkulima. Dhoruba haichagui jina la chombo. Deni humkalia aliyekopa, halikai katika mbao. Muulizeni mzee yeyote aliyesafiri na majahazi, atakutajieni vyombo vilivyogonga mwamba, vikavunjika milingoti, vikatengenezwa tena na kurudi kazini, na hakuna aliyevitungia hadithi. Mkosi wa Mary Celeste ulionekana baadaye, watu walipokwisha kuutafuta.

Sasa tuje kwa nahodha ambaye kwa sababu yake jina hili halikusahauliwa. Benjamin Spooner Briggs alizaliwa Massachusetts mwaka 1835, katika nyumba ya watu wa bahari. Baba yake alikuwa nahodha, na ndugu zake karibu wote walikwenda baharini. Alijulikana kuwa mtu mcha Mungu katika dini yake ya Kikristo, na asiyeonja ulevi. Mwaka 1862 alimwoa Sarah Cobb, binti wa jamaa zake, nao wakajaaliwa watoto wawili: Arthur, aliyezaliwa mwaka 1865, na Sophia, aliyezaliwa mwaka 1870. Alipokabidhiwa Mary Celeste aliingia pia katika shirika. Kati ya hisa 12 za chombo, yeye alikuwa na 4. Kwa hivyo aliyeshika usukani wa safari ile alikuwa amebeba roho za watu, mali za watu na mali yake mwenyewe.

Na hakubeba hayo tu. Alimchukua mkewe na mtoto wao mdogo, Sophia, aliyekwisha kutimia miaka miwili. Arthur, mwenye miaka saba, alikuwa amekwisha kuanza skuli, kwa hivyo akaachwa kwa bibi yake, mama wa nahodha, katika mji wa Marion. Sarah alipanda na kinanda chake na cherehani yake. Akina mama mnaotusoma mtalielewa hilo bila ya kuelezwa: mwanamke aliyebeba cherehani amekwenda kuweka nyumba. Hakwenda mahali anapopaogopa.

Mabaharia walikuwa saba: naibu wa nahodha Albert Richardson, msaidizi wake Andrew Gilling, mpishi Edward Head, na mabaharia wanne wa Kijerumani, wawili kati yao ndugu wa tumbo moja. Jumla ya waliokuwemo chomboni ni watu kumi. Nahodha alimwandikia mama yake barua kabla ya kuondoka, akimweleza kwamba chombo ki katika hali nzuri na kwamba anataraji safari njema.

Shehena ilikuwa mapipa 1,701 ya spiriti ya viwandani, iliyotiwa dawa isinyweke, ya kupelekwa Genoa nchini Italia. Merikebu iliondoka gatini New York tarehe 5 Novemba 1872, ikatia nanga karibu na Staten Island kungoja upepo utulie, na tarehe 7 ikang'oa nanga na kuelekea mashariki. Siku nane baadaye merikebu nyingine, Dei Gratia ya Nova Scotia, ikaondoka bandari ya jirani na shehena ya mafuta, ikifuata takriban njia ile ile. Nahodha wake aliitwa David Morehouse.

Mwanzoni mwa mwezi wa Desemba, baina ya visiwa vya Azores na pwani ya Ureno, mabaharia wa Dei Gratia waliona chombo kikienda kombo, matanga machache tu yamefunguliwa na hali yake si nzuri. Walikipungia, hakikujibu. Morehouse akamtuma naibu wake, Oliver Deveau, aende na mashua akatazame. Deveau alipopanda hakukuta mtu.

Alichokikuta alikieleza baadaye mbele ya mahakama kwa kiapo, na ni vyema tukitaje kwa utaratibu, kwa kuwa huo ndio ushahidi na mengine yote ni maneno. Mashua pekee ya chombo haikuwapo. Mlango mkubwa wa ngama ulikuwa umefungwa barabara, lakini mlango wa mbele na wa nyuma ilikuwa wazi na vifuniko vyake vimewekwa kando. Kasha la dira lilikuwa limesogea na kioo chake kimevunjika. Ngamani mlikuwa na maji ya futi tatu na nusu hivi, ambayo kwa chombo cha ukubwa ule si maji ya kukizamisha. Bomba moja la kutolea maji lilikuwa limefunguliwa, na fimbo ya kupimia maji ilikuwa imeachwa juu ya sitaha. Henza, yaani kamba nene ya kutwekea tanga kuu, ilikuwa imekatika. Vyombo vya nahodha vya kupimia njia havikuwapo, wala hati za merikebu. Chakula cha miezi sita kilikuwapo. Nguo zilikuwapo. Katika kitanda cha nahodha palionekana alama ya bonde dogo, kama alipolala mtoto.

Daftari la safari lilikuwa limeandikwa mara ya mwisho saa mbili asubuhi ya tarehe 25 Novemba, wakati chombo kilipokuwa karibu na kisiwa cha Santa Maria katika Azores. Kutoka hapo hadi mahali kilipokutwa ni maili za bahari zipatazo 400. Maana yake ni kwamba Mary Celeste ilikwenda siku tisa hivi peke yake, haina wa kuigeuza wala wa kuituliza tanga.

Dei Gratia ilikuwa na watu wanane tu. Deveau na mabaharia wawili walihamia Mary Celeste, wakayatoa maji, wakatengeneza matanga, na watu watatu hao wakaipeleka hadi Gibraltar, safari ya maili za bahari zipatazo 600. Wenzao watano wakaiendesha yao. Kila mwenye kuijua bahari anajua uzito wa kazi hiyo katika mwezi wa Desemba. Walitaraji kwamba mahakama itawapa ujira wa uokozi kama ilivyo sheria ya bahari.

Walipofika walipokewa na tuhuma. Mwanasheria Mkuu wa Gibraltar, Frederick Solly-Flood, alikwisha kuamua moyoni kwamba pametendeka mauaji. Kwanza alidhani mabaharia waliilewa shehena wakamuua nahodha na jamaa zake, hali ya kuwa spiriti ile haikuwa ya kunyweka. Kisha jicho la tuhuma likawageukia Morehouse na watu wake. Alama zilipoonekana kwenye mbao za omo, zikasemwa kuwa za shoka. Upanga wa nahodha ulipokutwa na madoa, yakasemwa kuwa ya damu. Daktari akayapima madoa yale, na akathibitisha kwamba si damu. Nahodha wa manowari ya Marekani akaziangalia zile alama za omo, akasema ni za kawaida ya mbao na bahari.

Tuhuma zote ziliporomoka moja baada ya moja, hakuna aliyeshitakiwa kwa mauaji. Hata hivyo, hukumu ya ujira ilipotoka mwezi wa Aprili 1873, waokozi walipewa pauni 1,700, takriban sehemu moja kwa tano ya thamani ya chombo na shehena. Wengi walitazamia zaidi. Kwa hivyo watu waliookoa mali ya wenzao waliondoka na ujira mdogo na doa kubwa. Hawakupatikana na kosa, na hawakusafishwa. Hivyo ndivyo dhana ifanyavyo kazi: haihitaji kushinda kesi, yatosha ibaki hewani.

Basi ni nini kilichotokea? Shehena ilipofika Genoa, mapipa tisa yalikutwa matupu. Wajuzi wengi wamelitazama hilo pamoja na milango ya ngama iliyoachwa wazi, wakasema huenda spiriti ilivuja, mvuke wake ukajaa ngamani, na nahodha akahofia mripuko. Akawatia watu wote katika mashua, wakajifunga nyuma ya merikebu kwa kamba wangoje mvuke upungue. Kamba ikakatika, merikebu ikaenda zake. Wengine wameitazama fimbo na bomba lililofunguliwa, wakasema huenda bomba liliziba, nahodha akadhani maji ni mengi kuliko yalivyokuwa, na kwa kuwa kisiwa kilikuwa karibu akaona mashua ni salama zaidi. Mwenye chombo cha mbao hukipima maji kila siku. Asipoweza kuiamini fimbo yake, hofu humwingia upesi, na mke na mtoto wakiwa naye, humwingia upesi zaidi.

Rai hizo mbili zinatofautiana, lakini zina jambo moja zinaloafikiana nalo ushahidi: hamna muuaji ndani yake. Lililo karibu zaidi na alama zilizoachwa chomboni ni habari ya mtu mwangalifu aliyetaka kuwaokoa watu wake, na bahari ikamtangulia. Mabaharia wa pwani yetu wana neno lao: chombo cha kuzama hakina usukani. Chombo hiki hakikuzama, lakini qadari ya waliokuwemo ilikuwa imekwisha kuandikwa.

Sasa mfikirieni Arthur. Mtoto wa miaka saba, baba hayupo, mama hayupo, dada hayupo, na hakuna kaburi hata moja. Mfikirieni bibi yake, ambaye bahari ilikuwa imemchukulia zaidi ya mtoto mmoja. Watu hawa walikuwa na haki ya kuomboleza kwa utulivu. Badala yake, kila baada ya miaka michache aliamka mtu na hadithi mpya.

Mwezi wa Januari 1884, jarida la Cornhill Magazine la London lilichapisha kisa bila ya jina la mwandishi, kikieleza kwa undani namna watu wa merikebu hiyo walivyouawa. Mtungaji wake alikuwa daktari kijana ambaye hakuwa amejulikana bado, Arthur Conan Doyle, yule aliyekuja kumtunga mpelelezi Sherlock Holmes. Alibadilisha majina, na merikebu akaiita Marie Celeste. Ilikuwa ni hadithi ya kubuni, lakini wapo walioisoma kama taarifa ya kweli, na hata leo wako wanaoliandika jina la merikebu kwa tahajia yake. Mwaka 1913, jarida la Strand Magazine likatoa maandishi yaliyodaiwa kuachwa na mtu aliyenusurika, aitwaye Abel Fosdyk. Hapakuwa na mtu wa jina hilo katika orodha ya waliosafiri. Wengine wakaleta maharamia, wengine wanyama wakubwa wa baharini. Na wengine, wala hawakuona haya, wakamfanya nahodha yule mcha Mungu kuwa mwendawazimu aliyeua ahli yake.

Katika fiqhi yetu kuna mlango mzima wa mafkudi, yaani mtu aliyepotea isijulikane yu hai au amekufa. Wanavyuoni wameweka muda wa kungoja, hukumu ya mke, hukumu ya mali. Tukiutazama mlango huo tunaona huruma iliyomo: sheria inakiri kwamba kuna wakati ambapo mwanadamu hajui, na inampa njia ya kuishi na kutojua kwake. Haikumwambia ajaze nafasi hiyo kwa kubuni. Familia nyingi za pwani yetu, waliopotelewa na wavuvi na mabaharia, wanaujua mtihani huo kwa majina na kwa nyuso. Msiba wao huwa mkubwa, na maneno ya majirani huuongeza.

Tumebakiwa na sehemu ya mwisho ya kisa, na ni sehemu isiyosimuliwa sana. Mary Celeste haikufa mwaka 1872. Ilipeleka shehena yake Genoa ikiwa na nahodha mwingine, ikarudi New York, na mwaka 1874 ikauzwa kwa hasara kwa sababu mabaharia waliikwepa kwa maneno ya watu. Ilifanya kazi kwa zaidi ya miaka kumi tena, katika njia za West Indies na pia katika Bahari ya Hindi, bahari yetu hii. Mwaka 1879 nahodha wake mmoja aliugua, akafia katika kisiwa cha St Helena, na wapenda kisirani wakapata jambo la kuongeza katika hesabu yao. Kuanzia mwaka 1880 iliongozwa na Thomas Fleming kwa miaka minne, ikapeleka na kuleta mizigo ya watu, na hakuna aliyemwandikia Fleming hadithi, kwa kuwa kazi iliyofanywa kwa uaminifu haina kelele.

Mwezi wa Agosti 1884 ikapata nahodha wa mwisho, Gilman Parker. Huyu alikula njama na wafanyabiashara kadhaa wa Boston. Wakaijaza merikebu bidhaa duni zisizo na thamani, wakaziandika katika hati kuwa bidhaa bora, na wakazikatia bima ya dola 30,000. Tarehe 16 Desemba 1884 Parker aliondoka Boston kuelekea Port-au-Prince, nchini Haiti. Tarehe 3 Januari 1885 aliingia katika mlango wa bahari baina ya kisiwa cha Gonâve na bara. Hapo pana mwamba wa matumbawe uitwao Rochelois, na ulikuwa umechorwa wazi katika ramani za bahari. Parker akaielekeza merikebu moja kwa moja juu ya mwamba. Mbao zile zilizostahimili dhoruba ya Cape Breton, na zikaenda siku tisa bila ya mkono wa mtu, zilipasuka kwa mkono wa yule aliyekabidhiwa azitunze.

Parker na mabaharia wake walipiga makasia hadi pwani. Kilichosalia cha shehena akamuuzia balozi mdogo wa Marekani kwa dola 500, kisha yeye na washirika wake wakadai bima yao. Balozi yule alipofungua mizigo akaona amenunua vitu visivyo na maana, akatoa taarifa. Wenye bima wakachunguza, na mwezi wa Julai 1885 Parker na wafanyabiashara wale wakafikishwa mahakamani Boston. Shitaka la nahodha kukiangamiza chombo chake kwa makusudi lilikuwa na adhabu ya kifo. Wazee wa baraza hawakuafikiana, na mwishowe pakafanywa makubaliano: washitakiwa waliondoa madai yao ya bima na kurudisha walichokwisha kupokea. Parker akaachiwa huru, lakini jina lake likawa limeharibika, na haukupita muda mrefu akafariki katika umasikini.

Wasomaji wetu, yawekeni mambo haya mawili katika mizani. Upande mmoja kuna watu kumi waliopotea, na waokozi waliowafikia wakiwa wamechelewa. Hao hawakuthibitishiwa kosa lolote, na dunia imewasingizia kwa zaidi ya miaka 150. Upande wa pili kuna watu waliotoboa amana kwa ajili ya fedha, hati zao za uongo zikafunuliwa, mwamba ukawashuhudia. Hao dunia imewasahau. Ukiwauliza watu mia moja habari za Mary Celeste, wengi watakutajia ile chai, na wachache mno watamtaja Parker.

Kwa nini? Kwa sababu fumbo ni tamu na hiana ni chungu. Fumbo halitudai kitu, tunaweza kukaa barazani tukalitafuna hadi usiku. Lakini hiana ya Parker inatugusa. Inamgusa aliyeandika risiti ya bei isiyo kweli, aliyekabidhiwa mali ya yatima au fedha za chama cha akina mama akazijumlisha vibaya kwa makusudi, na aliyesema mzigo umeibwa hali ameuweka yeye. Ndiyo maana ulimi hupendelea kuzungumza juu ya yasiyojulikana, na hunyamaza juu ya yale yanayojulikana na yanayohitaji kurekebishwa.

Sura ya al-Hujurat, ambayo watoto wetu huihifadhi chuoni, imetukataza dhana mbaya na imetuamrisha kuzihakikisha habari kabla ya kuzitendea kazi. Tunaisoma kwa sauti nzuri, kisha tunatoka nje, simu inalia, na ujumbe juu ya mtu ambaye hatukumwona wala hatukumsikia tunausambaza kwa watu hamsini kabla ya kumaliza kuusoma. Mwandishi wa Cornhill Magazine alihitaji wino, karatasi na mtambo wa kupigia chapa ili avumishe. Sisi twahitaji kidole kimoja.

Ombi letu kwa akina mama, ambao ndio walimu wa kwanza wa ulimi wa mtoto, ni hili. Mtoto akija na habari, muulizeni maswali matatu: Umeona? Umesikia kwa nani? Na huyo aliona? Akishindwa kujibu, mfundisheni kusema, sijui. Neno sijui si aibu. Oliver Deveau alieleza mbele ya mahakama yale aliyoyaona, akabaki kuwa shahidi anayeaminiwa hadi leo. Waliokataa kusema sijui ndio waliokosea.

Na akina baba, mkikabidhiwa chombo, kiwe cha mbao, cha chuma, duka au ofisi, kumbukeni kwamba dhoruba si hatari pekee iliyopo. Mary Celeste ilipigwa na bahari mara nyingi, na kila mara ilitengenezwa ikarudi majini. Pigo ambalo haikuinuka tena lilitoka kwa mshika usukani.

Tunamwomba Mola awahifadhi wote walio baharini usiku huu, awape subira wanaongoja nyumbani, azilinde ndimi zetu na heshima za watu, na atujaalie tuwe wenye kutimiza amana. Amin.